Mkojo Kama Maji ya Mchele: Nini Kimeuchafua?

Mama mmoja alinipitishia kikopo dirishani kikiwa kimefungwa kwenye ncha ya kanga. Ilikuwa yapata saa tano asubuhi. Mkojo wenyewe alikuwa ameukinga nyumbani saa kumi na moja alfajiri, akaenda nao sokoni kuwasha jiko la chapati, akauhifadhi chini ya meza, na wateja wa asubuhi walipopungua ndipo akapanda daladala kuja maabara. Niliuinua kuelekea kwenye mwanga. Ulikuwa kama maji ya kuoshea mchele, tena yale ya kwanza kabisa.

"Mdogo wangu, ule mkojo mchafu umerudi," aliniambia. "Hii mara ya tatu tangu mwezi wa Ramadhani." Alikuwa ameshapiga hesabu ya bei ya dawa.

Kwa Kiswahili cha zahanati zetu, mkojo mchafu maana yake ni UTI, maambukizi ya njia ya mkojo, na UTI maana yake ni antibiotiki za siku tano. Mgonjwa anajua hivyo, muuza duka la dawa anajua hivyo, na ikishafika saa tisa alasiri benchi likiwa bado limejaa watu, hata tabibu anaona tabu kubisha. Homa ikikosa jina hupewa mafiga matatu: malaria, taifodi na UTI. Nimeandika majibu ya namna hiyo kwa miaka, na nakiri kwamba hilo neno "mchafu" limetuponza. Linamwaibisha mtu kana kwamba hajui kujisafisha, kisha linambandika ugonjwa mmoja wakati kilichoonekana ni ukungu tu.

Tuanze na huo ukungu. Mkojo ni maji kwa takriban asilimia 95. Kilichobaki ni yurea, chumvi za aina mbalimbali, na ile rangi ya manjano inayotokana na kuvunjwavunjwa kwa chembe nyekundu za damu zilizozeeka. Figo mbili huchuja karibu lita 180 za majimaji kwa siku, hurudisha mwilini karibu yote, na kuacha lita moja na nusu hivi, au mbili, za kwenda kibofuni. Mkojo ukiwa angavu, kila kilichomo kimeyeyuka. Ukiwa na ukungu, kuna kitu hakikuyeyuka. Kinaelea na kuzuia mwanga usipite sawasawa. Kinaweza kuwa chumvi iliyoganda, seli za usaha, bakteria, damu, ute, mafuta, mbegu za kiume au mayai ya minyoo. Kwa macho matupu vyote hivyo hufanana.

Ndiyo maana kipimo cha kwanza cha maabara ni cha kizamani sana. Unaweka tyubu ya mkojo mbele ya kipande cha gazeti. Herufi zikisomeka vizuri, mkojo ni angavu. Zikififia, una ukungu. Zikipotea, umechafuka kabisa. Basi. Katika hatua hiyo hakuna jina la ugonjwa hata moja lililopatikana, ila kuna wagonjwa wengi wameshanunua dawa kwa kuishia hapo hapo.

Mkojo wa yule mama niliumimina kidogo kwenye tyubu nikaichovya kwenye maji ya moto. Dakika mbili hazikuisha ukungu ukayeyuka wote, ukabaki mkojo wa manjano iliyokolea, na nyuma yake nikaona vidole vyangu. Zile zilikuwa chumvi za asidi ya yuriki. Katika joto la mwili huwa zimeyeyuka. Mkojo ukipoa, hasa ukiwa mzito na wenye asidi, zinaganda kama samli kwenye baridi. Mkojo uliokingwa alfajiri mahali penye baridi kama Njombe au Limuru unaweza kuchafuka hivyo kabla mwenyewe hajamaliza kufunga kifuniko. Chumvi hizo zikituama chini hufanya vumbi lenye rangi ya tofali. Mama wenye vichanga hulijua doa lake bila kujua jina: lile la rangi ya waridi kwenye nepi siku za kwanza baada ya kujifungua, ambalo wengi hudhani ni damu. Kwa mtoto wa siku mbili tatu mara nyingi ni kawaida. Likiendelea baada ya hapo, mtoto akaangaliwe kama anapata maziwa ya kutosha.

Kinachozidisha chumvi hizo hakihitaji uchunguzi mkubwa: jasho, maji machache, na vyakula kama dagaa, maini, nyama choma yenye bia pembeni. Nilimuuliza yule mama hunywa maji kiasi gani kwa siku. Alicheka. Choo cha sokoni ni cha kulipia, na kiko upande wa pili, ukikiendea unaacha chapati motoni. Kwa hiyo alikunywa chai asubuhi, na kuanzia hapo hadi jioni alikaa mbele ya mkaa bila kugusa maji, kwa makusudi, ili asibanwe.

Ziko chumvi za aina nyingine, fosfeti, ambazo tabia yake ni kinyume. Hizi huganda mkojo unapokuwa na alikali, yaani kinyume cha asidi, na ukizipasha moto hazikutii; zinazidi. Ila ukidondosha matone machache ya siki, zinapotea mara moja. Mtu huweza kuziona saa moja au mbili baada ya kula chakula kingi, kwa sababu tumbo likitengeneza asidi ya kumeng'enya, damu na mkojo huelekea upande wa alikali kwa muda. Maziwa mengi huzichangia, na milo iliyojaa mboga za majani husogeza mkojo upande huohuo. Hapa kuna kichekesho kidogo: mtu anaona mkojo wenye ukungu, ananunua ile dawa ya unga ya kupunguza ukali wa mkojo, anakoroga kwenye glasi, anakunywa, na kesho yake mkojo umechafuka zaidi. Dawa imefanya kazi yake, imeongeza alikali, na fosfeti zimejitokeza. Yeye anaamini ugonjwa umekua.

Chumvi hizi zikionekana mara moja moja si ugonjwa. Zikiambatana na maumivu makali yanayotoka ubavuni na kushuka hadi kinenani, yanayomfanya mtu ashindwe kukaa, kulala wala kusimama, hapo ni suala la mawe ya figo, na mara nyingi mkojo huwa na damu hata kama jicho halijaiona.

Lakini ikiwa joto halikuondoa ukungu, na siki haikuuondoa, ndipo tunapoanza kuwafikiria wadudu.

Maambukizi ya njia ya mkojo yapo, ni mengi, na yanaumiza. Bakteria anayeongoza ni E. coli, mkazi wa kawaida wa utumbo mkubwa wa mtu mwenyewe. Anatoka nyuma, anafika mbele, anapanda. Kwa mwanamke mrija wa mkojo una urefu wa sentimita 4 hivi. Kwa mwanamume ni kama 20. Tofauti hiyo ya sentimita 16 inaeleza kwa nini wanawake wengi huugua angalau mara moja maishani, huku kijana wa kiume akiugua, daktari hutakiwa kujiuliza kuna nini kingine. Tendo la ndoa husukuma bakteria kuelekea kibofuni, na ndiyo maana wanawake wengi huanza kuumwa siku moja au mbili baada yake. Choo cha umma, kinacholaumiwa kuliko yote, kwa kweli hakina kosa kubwa, sanasana cha kuchuchumaa ambacho mwili haukigusi. Kosa la choo kibovu ni lile la yule mama wa chapati: kinamfanya mtu asinywe maji na abane mkojo, bakteria wakapata muda wa kuzaliana bila kusombwa.

Dalili zake ukishazipata huzisahau: mkojo unachoma, unabanwa kila mara na zinatoka tone mbili, chini ya kitovu panauma, mkojo unanuka vikali na una ukungu. Ukungu hapo ni seli nyeupe za damu zilizokuja kupigana, pamoja na bakteria wenyewe. Maambukizi yakipanda hadi kwenye figo picha hubadilika: homa kali, kutetemeka, kutapika, maumivu ya mgongoni chini ya mbavu, mara nyingi upande mmoja. Mtu wa namna hiyo hatakiwi kusubiri kesho wala kupitia duka la dawa kwanza. Mjamzito vivyo hivyo, na mtoto mchanga mwenye homa vivyo hivyo.

Sasa maabara inajuaje? Kuna kile kijiti chenye viraka vya rangi. Kiraka kimoja hutafuta kimeng'enya cha seli nyeupe, kingine hutafuta naitraiti, kemikali ambayo baadhi ya bakteria huitengeneza kutokana na naitreti iliyomo kwenye mkojo. Naitraiti ikionekana kwenye mkojo mbichi ni ushahidi mzuri. Isipoonekana haimwachi mtu huru, kwa sababu si bakteria wote wanaoitengeneza, na hata wanaoitengeneza huhitaji mkojo ukae kibofuni saa kadhaa. Mtu anayekojoa kila nusu saa kwa maumivu hawapi nafasi hiyo. Baada ya kijiti kuna hadubini, tunapohesabu seli za usaha, yaani hizohizo seli nyeupe. Na juu ya yote kuna kuotesha: mkojo unapakwa kwenye sahani yenye chakula cha bakteria, unaachwa kwenye joto usiku kucha, kisha tunaangalia kilichoota, kiasi gani, na dawa ipi inakiua.

Kuotesha kunagharimu fedha na siku mbili au tatu, kwa hiyo mara nyingi hakufanyiki. Nini kinatokea pale kunapofanyika kwa kila mtu? Utafiti mkubwa uliofanyika Kenya, Tanzania na Uganda chini ya mradi ulioitwa HATUA ulichukua wagonjwa 7,583 waliokuwa na dalili za UTI na kuotesha mikojo yao yote. Waliothibitika kuwa na maambukizi walikuwa asilimia 35. Kwa karibu wawili katika kila watatu hakikuota kitu cha kuthibitisha. Hii haina maana kwamba hao walikuwa wazima wanajidekeza. Baadhi walikuwa na magonjwa mengine ya sehemu hizohizo, na wapo wanaofika hospitali wakiwa wameshameza vidonge nyumbani. Ila kumbuka hawa wote walikuwa na dalili. Yule anayepimwa kwa sababu ya ukungu peke yake ana uwezekano mdogo zaidi. Na kati ya bakteria walioota, nusu walikuwa sugu kwa makundi kadhaa ya dawa. Vile vidonge vya siku tano tunavyogawiana mitaani vimewafundisha.

Kuna mtego mwingine kwenye hicho kikopo. Mkojo ukipita nje ya mwili huokota kilichopo njiani. Kwa mwanamke, ute wa ukeni, seli za ngozi, fangasi na bakteria wasio na madhara huingia kikoponi na kuuchafua mkojo uliokuwa safi kibofuni. Nikiona kwenye hadubini seli kubwa bapa za ngozi zimejaa kama chapati zilizopangwa, najua usaha ninaouhesabu pembeni yake huenda haukutoka kwenye kibofu hata kidogo. Majibu lakini huondoka yameandikwa "seli za usaha 10 hadi 15", na tabibu haoni zile chapati.

Dawa ya mtego huo ni kukinga mkojo wa katikati. Nawa mikono, jisafishe kwa maji matupu, mwanamke apanue mashavu ya uke, mwanamume asiyetahiriwa avute ngozi nyuma. Mkojo wa mwanzo uende chooni. Bila kukata, pitisha kikopo, kinga kiasi, ondoa kikopo, malizia chooni. Usiguse ndani ya kikopo wala kifuniko. Kisha ufike maabara ndani ya saa mbili, au ukae kwenye friji, na ukiwekwa kwenye friji tutarajie zile chumvi kuganda. E. coli katika mazingira anayoyapenda hugawanyika kila baada ya dakika 20 hivi. Mmoja akianza saa moja, ikifika saa sita wanaweza kuwa zaidi ya 30,000. Sasa fikiria kikopo kilichokaa chini ya meza, jirani na jiko la mkaa, tangu alfajiri.

Neno moja kwa wazee na kwa wanaovaa mpira wa mkojo. Mzee asiye na homa wala maumivu, mkojo wake ukiwa na ukungu na harufu, mara nyingi ana bakteria wanaoishi kibofuni bila kumsumbua. Aliyewekewa mpira kwa wiki kadhaa karibu hakosi kuwa nao. Kuwatibu wagonjwa hawa hakuwasaidii, kunazalisha usugu tu. Mjamzito ndiye tofauti kubwa: yeye hata asiposikia chochote, bakteria wakithibitika hutibiwa, kwa sababu kwake wanapanda kwenye figo kwa urahisi na wanaweza kuchangia mtoto kuzaliwa kabla ya wakati.

Kuna jibu linalonikosesha raha kuliko yote: usaha mwingi, hakuna kilichoota. Watu wengi huliona kama kosa la maabara na kuongezewa antibiotiki nyingine. Mara nyingi ni mlango wa ugonjwa mwingine. Klamidia, kisonono na trikomonasi, magonjwa ya zinaa, huleta usaha kwenye mkojo na vimelea vyake haviwezi kuota kwenye sahani ya kawaida ya mkojo. Kwa wanaume kulikuwa na kipimo cha zamani cha glasi mbili, na bado kinafaa kuelewa. Mtu anakojoa mkojo wa mwanzo kwenye glasi ya kwanza na uliobaki kwenye ya pili. Ya kwanza ikiwa na ukungu na nyuzinyuzi za usaha, ya pili ikiwa angavu, shida iko kwenye mrija, na hapo magonjwa ya zinaa yanakuja mbele. Zote mbili zikiwa na ukungu, shida iko juu zaidi, kibofuni au kwenye figo. Ikiwa ni ugonjwa wa zinaa, lazima mwenzi naye atibiwe. Ni mazungumzo magumu nyumbani, na ndiyo sababu wengi hupendelea waambiwe ni UTI ya chooni.

Wa pili kwenye mlango huo ni kifua kikuu (TB). Watu wanakijua cha mapafu, lakini vimelea vyake husafiri na damu hadi kwenye figo na kukaa huko miaka kimya. Dalili huanza kama za UTI isiyopona: kukojoa mara kwa mara, usiku hasa, usaha usioota kitu, damu kidogo, uzito kupungua. Mgonjwa anazunguka na bahasha yake kutoka zahanati moja hadi nyingine. Antibiotiki za kundi la sipro (ciprofloxacin) humpa nafuu ya muda, kwa sababu zinavigusa pia vimelea vya TB bila kuvimaliza, na nafuu hiyo inachelewesha kipimo sahihi. Mtu aliyetibiwa UTI mara tatu au nne bila kupona, na usaha bado upo, ana haki ya kuuliza wazi kama mkojo wake unaweza kupimwa TB. Mashine ya GeneXpert inayopima makohozi huweza kutumika hata kwa mkojo.

Wanaume wa umri mkubwa wana jambo lao la tezi dume. Ikivimba hubana njia, kibofu hakimaliziki, na mkojo uliotuama huota bakteria. Wengine, hasa wenye kisukari cha muda mrefu, waliofanyiwa upasuaji wa tezi dume au wanaotumia baadhi ya dawa zake, huona mkojo wa kwanza baada ya tendo la ndoa una mawingu na wakati wa kufika kileleni hakutoki kitu. Mbegu zimerudi nyuma kibofuni. Halimdhuru, ila kama anatafuta mtoto, daktari anapaswa kujua.

Pwani na Kanda ya Ziwa kuna la kwetu zaidi. Kichocho cha njia ya mkojo huenezwa na konokono wa maji baridi: kwenye mabwawa, madimbwi, mito isiyoenda kasi, mashamba ya mpunga. Unguja, Pemba, Kwale, bonde la Mto Tana, vijiji vya ndani vya Mwanza na Shinyanga, wote wanakijua. (Kile cha ufukweni mwa Ziwa Victoria kwa kawaida ni kichocho cha tumbo, kinyoo kingine.) Minyoo hukaa kwenye mishipa ya damu inayozunguka kibofu, na mayai yake yenye mwiba hupenya ukuta wa kibofu ili yatoke. Mkojo huwa na ukungu, na mwishoni kabisa mwa kukojoa hutoka damu. Sehemu nyingi za Afrika watu walizoea kuona vijana wa kiume wakikojoa damu wakasema ni kukua. Si kukua. Kikiachwa miaka, kibofu hukakamaa, figo huharibika, na saratani ya kibofu huweza kufuata. Kwa wanawake mayai hufika hadi kwenye shingo ya kizazi na uke, wakatibiwa magonjwa ya zinaa wasiyo nayo. Dawa yake, prazikwanteli, ni ya gharama ndogo na hutolewa mashuleni. Kwa kumpima mtu, mkojo mzuri ni wa kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, mayai yanapotoka kwa wingi, na inasaidia mtoto akirukaruka au kukimbia kidogo kwanza. Ukipeleka wa alfajiri unaweza kuambiwa huna.

Halafu kuna mkojo mweupe kabisa. Huu hauna haja ya gazeti. Ni kama tui, na ukiutuliza unaweza kuganda juu kama utando wa maziwa. Ukiutikisa maabara na etha, kimiminika kinachoyeyusha mafuta, unakuwa angavu, kwa sababu kilichomo ni mafuta. Ni mafuta ya chakula yaliyotoka kwenye utumbo kwa njia ya mishipa ya limfu, yakakuta njia imeharibiwa na minyoo ya matende, yakavujia kwenye njia ya mkojo. Mgonjwa huona unazidi kuwa mweupe baada ya kula nyama ya mafuta au samli, kisha siku nyingine unakuwa wa kawaida, hadi anadhani karogwa. Anaweza kukonda, maana anakojoa mafuta na protini yake.

Na hapa historia inafurahisha. Mwaka 1866, daktari Otto Wucherer, aliyekuwa akifanya kazi Bahia nchini Brazili, alichunguza mkojo wa aina hii akitafuta mayai ya kichocho. Hakuyakuta. Akakuta vijinyoo vyembamba ambavyo hakuna aliyekuwa amevijua sawasawa, na leo kinyoo cha matende na mabusha kinabeba jina lake. Vijinyoo vya ugonjwa uliotesa mwambao wetu vilionekana kwenye kikopo cha mkojo mchafu. Vijinyoo hivyo huingia kwenye damu ya pembeni usiku, kwa hiyo damu ya kuvipima huchukuliwa kuanzia saa nne usiku hadi saa nane usiku: saa zilezile za kichocho, ila upande wa pili wa saa. Tanzania ilianza kugawa kingatiba ya matende kisiwani Mafia mwaka 2000. Na kabla ya hapo, Makunduchi kisiwani Unguja, miaka ya 1980 mwishoni, watafiti walimwaga vishanga vyepesi vya plastiki kwenye vyoo vya shimo, vikaelea juu na kuwanyima mbu wanaoeneza matende pa kuzalia. Ni ujanja ambao hadi leo naupenda.

Nimeliacha povu mwisho kwa sababu watu hulichanganya na ukungu. Povu linaloisha baada ya muda mfupi ni nguvu ya mkojo tu. Povu kama la sabuni linalobaki, siku baada ya siku, linaweza kuwa protini, na protini ni habari ya figo: kisukari, shinikizo la damu, au kwa mjamzito, kifafa cha mimba kinachonyemelea. Richard Bright, daktari wa Hospitali ya Guy's, London, alieleza uhusiano huo wa protini na ugonjwa wa figo mwaka 1827. Mkojo wenye protini huganda ukipashwa moto kama ute wa yai, na alikuwa akiupasha kwenye kijiko juu ya mshumaa. Mkojo wenyewe kabla ya moto unaweza kuwa angavu. Wa mwenye kisukari kisichodhibitiwa mara nyingi ni mwingi, mweupe na safi kama maji ya chupa. Weupe huo umewafariji watu wengi wasiostahili kufarijika.

Yule mama nilimpa kikopo kipya na chupa ya maji, nikamweleza habari ya mkojo wa katikati. Alikaa kwenye benchi saa nzima akilalamikia unga wake uliokandwa. Alichorudi nacho kilikuwa kama chai ya rangi iliyozidishiwa maji. Gazeti lilisomeka. Kijiti hakikubadilika rangi, na kwenye hadubini niliona seli nyeupe mbili, ambazo hata mimi pengine ninazo. Nilimuuliza kama kunachoma, kama anabanwa, kama ana homa. Hapana. Hata zile mara mbili za kwanza? Akafikiri. Hapana, alikuwa ameona tu mkojo ni mchafu.

Aliikunja karatasi ya majibu akaifunga kwenye ileile ncha ya kanga. "Sasa na wewe si umesoma," akaniambia, "niandikie hapo kwamba wasogeze choo cha sokoni." Nikamweleza kwamba fomu yetu haina sehemu ya kuandika hilo.